Haidrojeni kwa Nusu Kikombe cha Maji

Nina diploma ya kemia ya viwandani. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu niliilipia mwenyewe, muhula kwa muhula, kwa kupakia magunia ya makaa kwenye malori pale Kalemng'orok kila likizo, na sioni kwa nini nilifiche. Wapo wenzangu wa Lodwar waliosomeshwa na wazazi wao hadi shahada ya pili, lakini sijasikia hata mmoja aliyetoa moto kwenye maji kwa nguvu ya jua. Mimi nimefanya hivyo. Nilifanya Kalobeyei, kando ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mbele ya kamati ya watu tisa, na ninachotaka kueleza hapa ni jinsi nilivyokaribia kushindwa na ni kina nani walionivusha.

Baada ya diploma nilipata kazi ng'ambo, katika nchi ya baridi, kwenye maabara ya chuo kikuu. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, na niliosha kwa miaka miwili. Mwaka wa tatu msaidizi wa profesa aliondoka ghafla, profesa akauliza chumba kizima ni nani anayeweza kutumia mizani ile ndogo inayoshtuka hata ukiihemea. Nikanyoosha mkono ukiwa bado na povu. Tangu siku hiyo sikuosha tena chombo cha mtu. Niliwaandalia wanafunzi wa shahada ya uzamivu vichocheo vyao, yaani unga wa kuharakisha mabadiliko ya kemikali, na wawili kati yao leo wanaitwa madaktari kwa unga uliopita mikononi mwangu. Majina yao yako juu kwenye karatasi za sayansi. Langu liko mwishoni, kwenye mstari wa shukrani, lakini lipo.

Unga wenyewe ni titani oksidi, kitu cheupe ambacho kila mtu amekigusa bila kujua, kwa maana kimo kwenye rangi ya ukuta na kwenye dawa ya meno. Wetu ulikuwa wa chembe za nano, ndogo kiasi kwamba ungeweza kupanga maelfu yake kukatisha upana wa unywele mmoja. Chembe hizo zikiwa ndani ya maji na jua likizipiga, mwanga unazifukuza elektroni mahali pake, na elektroni zilizofukuzwa zinaweza kuitoa haidrojeni kwenye maji. Shida ni kwamba hazikai nje. Zinarudi upesi kama mbuzi wasio na mchungaji wanavyokimbilia boma. Kwa hiyo unazipachika chembe hizo madoa ya metali, na metali inazishika elektroni pale nje hadi zimalize kazi. Maabara za matajiri hutumia platini. Mimi nilifundishwa kutumia shaba, na shaba naipata kwenye mrututu, ule wa buluu unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mimea.

Kuna jambo la pili, na ndilo lililonitesa. Elektroni ikiondoka inaacha pengo, na lazima kitu kingine ndani ya maji kijitoe kuliziba pengo hilo, la sivyo kazi inasimama. Kule ng'ambo kitu hicho kilikuwa methanoli, aina ya spiriti kali. Unaitia kidogo kwenye maji, chembe zinaitafuna, haidrojeni inapanda.

Siku niliyoaga, profesa alinipa mfuko wa unga mweupe na chupa bapa ya kioo, pana kama kitabu, yenye shingo nyembamba. Aliniambia kwamba amefanya kazi hii maisha yake yote chini ya taa, na angependa kabla hajastaafu mtu mmoja aijaribu chini ya jua lenyewe. Aliniambia pia kwamba hatampa mtu kiti changu hadi mwisho wa mwezi, nisipopata mahali pa kufanyia kazi nirudi. Nilimshukuru, nikamwambia hatahitaji kusubiri. Mimi si mtu wa kurudi nyuma.

Mahali penyewe palikuwa chumba kimoja cha mabati huko Kalobeyei, kilichoachwa na mradi uliokwisha. Kilikuwa na saruji chini na bomba la maji ukutani. Nilitaka kufungua darasa humo la kufundisha wakimbizi na wenyeji kutengeneza vichocheo. Tatizo ni kwamba kikundi cha akina mama watengenezaji sabuni nacho kiliomba chumba hicho hicho. Kamati ya wakimbizi na wenyeji ikaamua kwamba Alhamisi kila upande uonyeshe kazi yake, kisha itapigwa kura. Kwangu hakukuwa na chumba kingine. Nilikuwa nimewatangazia watu wa Lodwar nzima kwamba nimerudi kwa kazi kubwa, na nikikosa kura hiyo ningepanda ndege kurudi kwenye baridi kabla ya mwezi kwisha, wakinitazama.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi ambaye sasa anauza mbuzi. Siku niliyopeleka ombi langu alilisoma lote, akavua miwani.

"Nimesikia unachoma maji," alisema.

"Nayagawanya, mzee. Natoa haidrojeni. Hiyo haidrojeni ndiyo inaungua."

"Hiyo ni kuchoma. Akina mama hapa wanapanga mitungi kwa bomba tangu alfajiri, halafu wewe unatoka ng'ambo kutuletea njia ya kuchoma maji."

Mjumbe mmoja akauliza kama sijasomea kuchoma mchanga, kwa maana huo tunao wa kutosha. Walicheka wote. Nikawaambia kwamba ninahitaji nusu kikombe tu, na kwamba haidrojeni ikiungua inarudi kuwa maji yale yale.

"Yanarudi wapi?"

"Hewani."

"Sawa. Mbuzi wangu watakunywa hewani," alisema mwenyekiti, akavaa miwani. "Alhamisi, injinia. Uje na hewa yako."

Nilijiandaa Lodwar, nyumbani kwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenilea. Kwenye ua wake niliyeyusha mrututu, nikauchanganya na unga na methanoli kutoka kwenye chupa ndogo niliyoijaza Kitale, nikaanika juani ndani ya ile chupa bapa. Unga uliojaa shaba una tabia moja ninayoipenda: ukiwa hauna hewa na jua likiupiga, unageuka kutoka weupe wenye ubuluu hafifu hadi zambarau iliyoiva. Hewa ikiingia unarudi ulivyokuwa. Uligeuka siku hiyo hiyo. Mapovu yakapanda hadi kwenye mpira wa kuzibia. Shangazi alisimama karibu akiwa amekunja mikono, akauliza kama kitu hicho kinapikwa au kinaombewa. Nilimwambia kinapikwa na jua. Niliuchuja unga, nikaukausha, nikautia kwenye kopo. Jumanne nikaenda mjini kutafuta barua ya utambulisho kwenye ofisi moja, na nilipochelewa kurudi nikakuta shangazi ameshanifungia sanduku vizuri kwa kamba. Nikamshukuru. Jumatano asubuhi nikaondoka.

Nilifungua sanduku Kakuma, saa tano, kwenye chumba cha kupanga. Chupa ilikuwa imeviringishwa kwenye shuka jipya. Niliifungua, nikaona ni nyeusi ndani, toka shingo hadi chini. Ilinuka moshi na mafuta.

Kwetu kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa maji. Maji ni ya kunywa. Kibuyu kinasafishwa kwa kijiti kilichochomwa hadi ncha yake iwe kaa jekundu, kinasuguliwa ndani kote mpaka kinukie moshi, kisha kinapakwa mafuta ya kondoo kisipasuke wala kisivuje. Maziwa hukaa humo bila kuharibika upesi, na mgeni akionja anajua mwenye nyumba ni mtu wa aina gani. Shangazi alikuwa ameisafisha chupa ya profesa kama anavyosafisha chombo cha mgeni wa heshima. Kioo cha maabara kinavumilia moto, kwa hiyo hakikupasuka. Kilijaa masizi tu yaliyoshikana na mafuta, na jua halipiti kwenye masizi.

Nikachukua chupa ndogo ya methanoli. Ilikuwa imejaa maji safi.

Nilimpigia simu.

"Ejoka, mwanangu," alinisalimu kwa Kiturkana. "Umefika?"

"Nimefika. Shangazi, chupa yangu umeifanya nini?"

"Nilikuta ukungu ndani. Unaenda kwa watu na chombo kichafu? Nimekusafishia."

"Na ile ndogo?"

"Ile nilimwaga. Nikanusa nikajua. Wewe umelelewa kanisani, unabeba pombe kwenye sanduku. Nikaiosha mara tatu, nikakuwekea maji ya njiani."

"Haikuwa pombe. Ni dawa ya kazi."

"Hata wale wanaopofuka huambiwa ni dawa," alisema. "Nimemwaga mbali na kuku."

Nilimjibu maneno ambayo sitayaandika, nikakata simu. Leo ninajua alikuwa na haki. Methanoli hupofusha na huua, na mimi, mwenye diploma, niliiacha kwenye chupa isiyo na maandishi ndani ya nyumba ya watu. Angekuja jirani mwenye kiu ya kitu kikali, leo nisingekuwa naandika habari ya sayansi.

Lakini siku hiyo sikuwa na hekima hiyo. Nilikuwa na chupa nyeusi, na nilijua methanoli haipatikani karibu kuliko Kitale. Nikaanza na nililoliweza. Nilitia mchanga na majivu, nikatikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Mafuta hayakutoka. Mwenye duka jirani aliniuzia sabuni ya unga, nayo ikatelezesha masizi kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Akanionea huruma.

"Mafuta ya kondoo hayo? Kwa sabuni ya hapa utakesha," alisema. "Nenda kwa yule mama wa Sudan Kusini kule kambini, anayepika sabuni. Yake inatoa hata rangi ya nguo."

Nilijua anamsema nani. Ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha sabuni, yule niliyekuwa nikishindana naye chumba. Nilizunguka mtaa mara mbili nikitafuta mtu mwingine yeyote. Hakukuwa na mwingine.

Nilimkuta kwenye ua wake wa mabati, anakoroga pipa kwa mti mrefu. Alikuwa mwanamke mrefu, mzee kuliko mimi kwa miaka kama kumi. Aliniangalia kabla sijasalimu.

"Wewe ndiye wa kuchoma maji," alisema.

"Mimi ni mkemia, mama. Nina diploma."

"Karibu, Diploma. Mimi nilikuwa mwalimu wa sayansi, sekondari, kabla ya kukimbia. Hiyo umebeba nini?"

Nilimpa chupa. Aliinusa shingoni, akainua dhidi ya mwanga, kisha akaanza kucheka taratibu, mabega yakitetemeka.

"Hii si ya maabara. Hii ni kibuyu. Nani kakufanyia?"

"Shangazi yangu."

"Anakupenda huyo. Mafuta haya amechagua kondoo mzuri."

Nilitarajia anifukuze, au aniambie nirudi Ijumaa. Alichota soda kali ya moto, ile ya kupikia sabuni, kutoka kwenye sufuria, akaimimina chupani akitumia kitambaa kushika, akatia kokoto ndogo kiganja kimoja, akanirudishia. "Tikisa wewe. Mimi mikono yangu ina kazi."

Nikatikisa. Mafuta yakageuka sabuni humo ndani, masizi yakakosa pa kushikilia, na nilipoisuuza mara ya tatu niliona vidole vyangu upande wa pili wa kioo. Nilitaka kumshukuru vizuri, lakini yeye alikuwa tayari amerudi kwenye pipa. Alikuwa ametia chumvi, na sabuni ikapanda juu kama jibini. Akawa anaichota na kuipanga kwenye visanduku vya mbao. Chini kulibaki maji ya kahawia, mazito kidogo, ambayo aliyachota kwa kopo na kuyamwaga kwenye shimo kando ya uzio.

"Sasa chupa ni safi," alisema bila kugeuka. "Kwa nini uso bado umefungwa hivyo?"

Nikamweleza habari ya methanoli. Sijui kwa nini nilimweleza mshindani wangu. Nadhani ni kwa sababu tangu nirudi sikuwa nimezungumza na mtu anayejua elektroni ni nini. Nilimwambia kwamba lazima kuwe na kitu cha kujitoa ndani ya maji, na kwamba changu kimemwagwa mbali na kuku.

Alikoroga. "Hicho kitu cha kujitoa, lazima kiwe methanoli?"

"Kiwe cha jamii ya alkoholi. Methanoli, ethanoli, kitu kama hicho."

"Na gliserini ni ya jamii gani?"

Nikalitazama pipa. Mafuta yakipikwa na soda kali yanatoa vitu viwili: sabuni na gliserini. Sabuni inapanda juu, gliserini inabaki chini kwenye maji ya kahawia. Na gliserini ni alkoholi. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza wa diploma, nililiandika kwenye mtihani, na nilikuwa nimesimama nusu saa nikimtazama mtu akiimwaga kwenye shimo kopo baada ya kopo. Ng'ambo nilizoea vitu vinavyotoka kwenye chupa yenye karatasi ya maandishi.

"Usimwage hiyo iliyobaki," nilisema.

"Nimeacha zamani. Tangu uliposema alkoholi." Aliweka kopo chini. "Sasa tusikilizane, Diploma. Chumba ni kimoja. Nakupa maji haya. Kesho wakikuuliza yametoka wapi, utasema ni ya pipa langu. Utasema kwa sauti."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa chumba changu." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Ukishinda, watu watajua hata sabuni yangu ina elimu."

Nilikubali. Tuliyachuja maji yale kwa kitambaa, tukayapunguza ukali kwa siki kutoka dukani, nikapima nusu kikombe cha maji ya bomba na kijiko cha unga wangu. Nikachemsha mchanganyiko ili hewa itoke, nikaziba kwa mpira, nikalaza chupa juani juu ya gunia. Ilikuwa saa nane. Tulikaa kwenye kivuli cha ukuta tukiitazama.

Saa tisa unga ulikuwa bado mweupe. Mama alikata vipande vya sabuni ya juzi kwa waya, kimoja baada ya kingine, na kila kipande kilipoanguka nilihisi kama ananihesabia. Hapo, nashukuru, elimu yangu iliamka. Kama rangi haigeuki, basi kuna hewa. Niliinama nikasogeza sikio kwenye shingo ya chupa, nikasikia hewa ikipenya, nikaona mpira umekakamaa kwa joto na haukai sawasawa. Kule ng'ambo tungepaka grisi ya maabara. Nikatazama huku na huku. Kwenye ua wa mpika sabuni kulikuwa na madebe matatu ya mafuta ya kondoo.

Nilichota kidogo kwa kidole, nikapaka mpira kuzunguka, nikachemsha upya, nikaziba. Wakati nikipaka nilijiona nafanya kile kile alichofanya shangazi, kwa sababu ile ile: chombo kisivuje. Kosa lake lilikuwa kupaka ndani. Kabla ya saa kumi unga ulianza kuiva pembeni, zambarau ikaenea hadi katikati, na mapovu madogo kama punje za mtama yakaanza kupanda shingoni.

Mama aliacha waya wake. Aliinama juu ya chupa.

"Kwayis," alisema polepole, kwa Kiarabu cha Juba. Sikuhitaji tafsiri.

Nikatoka nje ya uzio nikampigia shangazi.

"Shangazi, mafuta yamefaa."

"Nilijua yatafaa. Yale maji niliyokuwekea umekunywa?"

"Bado."

"Kunywa. Kakuma ni jua kali," alisema, na habari ya maneno yangu ya asubuhi hakuigusa, siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Hilo ni deni ambalo sijui linalipwaje, kwa hiyo naliandika hapa.

Alhamisi tulianza saa moja asubuhi, kwa sababu jua la Turkana haliulizi kama umekunywa chai. Kufikia saa sita nilikuwa na gesi ya kutosha, iliyopita kwenye mrija mwembamba na kujikusanya kwenye chupa iliyopinduliwa ndani ya beseni la maji. Kamati ilikaa kwenye viti vya plastiki mbele ya kile chumba. Akina mama wa sabuni walionyesha kwanza. Sabuni yao ilikuwa nzuri, imekatwa sawasawa, na mmoja wao aliosha shati la mjumbe huku mjumbe mwenyewe bado amelivaa. Kisha nikaitwa.

Niliwaonyesha unga wa zambarau. Nilivuta gesi kwenye bomba kubwa la sindano, nikaweka sindano mbele, nikaibonyeza taratibu huku nikiisogezea kiberiti. Mwali wa haidrojeni mchana karibu hauonekani. Mwenyekiti aliinuka akasogea.

"Sioni kitu."

"Weka karatasi, mzee."

Aliweka ukingo wa ajenda ya mkutano. Ukashika moto. Alipuliza, akaangalia tobo, akakaa.

"Sawa. Umechoma maji," alisema. "Ulituambia yanarudi. Yako wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo. Niliomba kioo cha kujitazamia, na mama wa sabuni akatoa chake mfukoni. Nilikifuta kikauka. Kwanza nikapuliza juu yake gesi bila kuiwasha, nikampa mwenyekiti aone kwamba kimebaki kikavu, asije akasema nilificha maji ndani ya sindano. Kisha nikaiwasha, nikapitisha mwali karibu na kioo. Ukungu ukaenea, mviringo mdogo kama sarafu, na katikati yake kukawa na vitone.

Mwenyekiti alikichukua kioo. Alipitisha kidole, akakiweka ulimini. Watu wote walimtazama.

"Maji," alisema.

"Yana ladha gani?" mjumbe mmoja akauliza.

"Hayana ladha." Akaramba tena, akakunja uso kama mtu anayetafuta neno. "Hayana chumvi. Hebu onja, hata kidogo hayana chumvi."

Kioo kikazunguka kwa wajumbe wanane hadi kikakauka, na wa mwisho akalalamika kwamba hajapata. Ikabidi niwashe tena. Watu waliokunywa maji ya kisima yenye chumvi tangu kuzaliwa walikuwa wakigombea ukungu. Nilijua nimeshinda. Nilianza kupanga kichwani meza zangu zitakaa wapi ndani ya kile chumba.

Kisha mwenyekiti akaelekeza kidole kwenye chupa bapa. "Hayo maji ya kahawia ni nini? Hayo si ya bomba."

Mama wa sabuni alikuwa nyuma, kwenye benchi, anapanga vipande vyake. Hakuinua kichwa. Kusema kweli nilikuwa na jibu jingine tayari mdomoni. Ningesema ni mchanganyiko maalumu wa maabara, na hakuna mtu pale angenipinga isipokuwa yeye, na yeye hakuwa anaangalia. Nimejivunia mambo mengi maishani, na karibu yote nimeyafanya kwa mikono yangu. Lile wazo la gliserini halikuwa mojawapo.

"Ni maji ya pipa la mama huyu," nilisema kwa sauti. "Ni gliserini inayobaki akipika sabuni. Bila yeye hakuna gesi. Wazo pia ni lake. Mimi nilikuwa nimesahau kitu nilichofaulu kwenye mtihani."

Alipanga kipande kimoja zaidi, kisha akasema bila kugeuka, "Shingo ameiziba yeye. Mimi nisingejua."

Wajumbe walinong'onezana. Mwenyekiti alivua miwani.

"Injinia, kazi yako inataka jua au kivuli?"

"Jua, mzee."

"Na sabuni ikikauka inataka nini?"

"Kivuli," alisema mama.

"Basi wewe chumba unakitakia nini?" Alielekeza miwani juu ya paa. "Jua liko juu ya bati. Ngazi ipo."

Nilianza kueleza kwamba ninahitaji bomba la maji na mahali pa kuketisha wanafunzi. Mjumbe mmoja mwanamke akanikatiza. "Hao wanafunzi utawafundisha nini bila maji ya kahawia? Watakaa kwa sabuni, wapande kwa jua."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Tisa wote. Chumba wakapewa akina mama wa sabuni, mimi nikapewa paa lote na pembe moja ya ndani kwa ajili ya mizani yangu. Bomba likawa la pamoja. Katibu alipoandika kwamba nitapewa nusu kikombe cha maji kwa siku, mwenyekiti alimwambia aandike kikombe kizima, kamati isije ikasemwa ni ya wachoyo.

Sitasema kwamba halikuniuma. Nilikuwa nimewaambia watu wa Lodwar kwamba nitapata chumba, na nilikuwa nimepata bati. Lakini nilipopanda ngazi kuangalia, niliona kwamba paa lile linapigwa na jua kutoka asubuhi hadi jioni bila mti wala ukuta kulizuia, na kwamba kwa miaka yote ya kazi profesa wangu hakuwahi kuwa na kitu kama hicho. Alasiri hiyo hiyo nilimwandikia kwamba ampe mtu mwingine kiti changu. Nilimwambia nimepata maabara yenye taa kubwa kuliko yake. Alijibu kwa mstari mmoja: anaomba picha.

Sasa nina chupa bapa kumi na mbili huko juu, nyingine nimezikata mwenyewe kutoka kwenye vioo vya madirisha na kuziunganisha kwa gundi. Gesi yetu bado haijachemsha chai ya watu wawili, na anayesema vinginevyo anawadanganya wafadhili. Lakini unga nimeuboresha mara nne, mara moja kwa nikeli, na hakuna mtu kati ya hapa na Kitale anayeutengeneza hivyo isipokuwa mimi na watu niliowafundisha. Adhuhuri bati linaunguza, kwa hiyo ninatembea juu yake nikiwa na ndara mbili mbili kila mguu, nikizigeuza chupa kulifuata jua. Chini nasikia waya ukikata sabuni. Kisha mama anapiga bati kwa mti wake mrefu, mara tatu.

"Diploma, shusha ndoo. Ya leo ni nzito, usiimwage."

Nashusha ndoo kwa kamba, na yeye anaitia maji ya kahawia, anaifunga vizuri kabla sijaivuta.